Za waya, za shingoni, eapodi au hedifoni kubwa: zipi zikufae njiani?

Mdogo wangu alinipigia wiki iliyopita akiwa amesimama mbele ya duka Kariakoo. "Kaka, hapa kuna za waya, kuna za shingoni, kuna eapodi, kuna na yale madude makubwa kama ya DJ. Nichukue zipi?" Nikamuuliza: "Unasikilizia wapi?" Akacheka. "Kwani inahusu nini? Mimi nataka zenye muziki mzuri." Inahusu sana. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya badala ya kumjibu juu juu, jua la saa saba likimchoma na muuzaji akimwambia wateja wengine wanasubiri.

Tuelewane majina kwanza, maana mtaani kila mtu ana lake. Za waya ni zile tulizozijua tangu enzi za simu za vitufe, zenye pini ya milimita 3.5. Za shingoni zina utepe laini wa mpira unaokaa kama kola, betri imo humo, na vichwa viwili vinaning'inia kwa waya mfupi. Eapodi, kwa Kiswahili cha Kariakoo, ni vidonge viwili vyovyote vinavyolala ndani ya kijisanduku, hata kama Apple haijawahi kuviona. Hedifoni kubwa ni za kuvaa kichwani, ama zinakalia sikio ama zinalifunika lote. Hizo aina tatu za mwisho ndizo zisizo na waya wa kwenda kwenye simu, na zote zinategemea Bluetooth.

Kwa nini watu wameukimbia waya

Mwenye gari lake hawezi kuelewa. Panda mwendokasi Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umeshika begi, simu iko mfukoni, waya unapita kifuani hadi masikioni. Kituo cha Ubungo watu wanapanda kwa mabega. Mkoba wa mama mmoja unanasa waya, mama anasogea na wimbo wako unasogea naye, simu inachomoka mfukoni na kuning'inia kama samaki kwenye ndoana. Yalinikuta mara mbili. Mara ya pili kioo kilipasuka.

Halafu kuna ugonjwa wa shingo ya pini. Waya ukikunjwa kila siku pale unapoingilia kwenye pini, nyuzi nyembamba za shaba ndani yake hukatika moja moja. Sikio la kushoto linaanza kukwaruza. Unaupinda waya, unaubana na kidole, unaufunga na mpira wa pesa, sauti inarudi kwa siku tatu. Kila mtu anayesoma hapa amewahi kutembea na simu ameishika kwa pembe fulani ya ajabu ili sikio moja lisizimike.

Na simu zenyewe zimeanza kutufukuza. Apple walipozindua iPhone 7 mwezi Septemba 2016 waliondoa tundu la hedifoni, na siku hiyohiyo wakatangaza AirPods. Wakubwa wengine waliwacheka, kisha wakafuata njia ileile kwenye simu zao za bei mbaya. Simu za bei ya kawaida zinazouzwa kwetu, nyingi bado zina tundu, kwa hiyo angalia yako kabla hujaenda dukani. Tundu hilo lina ukoo mrefu: asili yake ni pini za wahudumu wa mitambo ya simu wa karne ya 19, likapunguzwa umbo, na Walkman ya kwanza ya Sony ya mwaka 1979 ikaliingiza mifukoni mwa watu. Walkman ile ilikuwa na matundu mawili, ili wawili wasikilize kaseti moja. Nitalirudia hilo la wawili.

Basi mvuto wa kwanza wa Bluetooth ni mikono na mifuko. Ukinunua kwa sababu hiyo hutajuta. Ukinunua ukitarajia sauti itapita ile ya waya kwa bei hiyohiyo, jiandae kununa.

Sauti: mahali ambapo watu wanapigwa

Chukua pesa ileile, weka kwenye za waya na kwenye eapodi. Ya waya inaingia karibu yote kwenye spika. Ya eapodi inagawanywa: betri tatu (kila kidonge na yake, na ya kijisanduku), chipu ya Bluetooth, maikrofoni, sehemu za kugusa, kijisanduku chenyewe. Kinachobaki ndicho kinaitwa sauti. Ndiyo maana za waya za bei ndogo zikiwa orijino zinaweza kuziaibisha eapodi za bei mara tatu yake.

Muuzaji atakuja na herufi. SBC, AAC, aptX, LDAC. Ni njia tofauti za kuukandamiza muziki ili upite hewani. SBC ndiyo ya kila kifaa, na kwa kawaida huishia kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC ya Sony inafika 990. Kwa maandishi tofauti ni kubwa. Lakini angalia nyimbo zako. Nyingi tulizorushiana kwa WhatsApp na memori kadi ni MP3 za kilobiti 128, wimbo wa dakika 4 ukiwa na ukubwa wa megabaiti 4 hivi. Maji yaliyokwisha kumwagika kabla ya kuingia kwenye bomba hayarudi kwa kununua bomba pana. Kama unasikiliza kwa programu ya kulipia na umeiweka kwenye ubora wa juu kabisa, na umekaa chumbani kimya, hapo LDAC ina maana. Kwenye daladala la Mbagala haina.

Chenye maana kuliko herufi zote hizo ni kipande cha mpira cha shilingi mia kadhaa. Vidonge vya kuingia ndani ya sikio huja na mipira ya saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na wengi wetu tunatupa boksi na mipira iliyobaki humohumo. Mpira usipoziba tundu la sikio, besi inavuja. Utasikia muziki mwembamba, wa bati, utailaumu kampuni. Jaribu saizi zote. Na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto, langu ndivyo lilivyo. Ukitaka kupima, cheza wimbo wenye besi, kisha sukuma vidonge ndani taratibu kwa vidole: besi ikiongezeka ghafla, mpira uliouvaa hauzibi.

Na aina ya muziki inahusika, ingawa hakuna boksi lililoandika. Singeli ina ngoma za kasi mno, pigo juu ya pigo, na spika iliyotunishwa besi haimalizi pigo moja kabla la pili halijafika, inakuwa uji. Eapodi za bei rahisi karibu zote zimetunishwa besi. Bongo fleva inavumilia, hata inapendeza. Taarab ya Unguja ya aina ya Culture Musical Club, yenye fidla, kanuni na akodiani kwa pamoja, inataka nafasi, na hapo hedifoni kubwa ya kufunika sikio inakupa kitu ambacho kidonge hakikupi: unaona kama fidla ziko upande ule na mwimbaji yuko hapa. Kwa muziki wa dansi, wa Sikinde au Msondo, ninakosikiliza gitaa tatu zinavyojibizana, mimi bado nachomoa za waya. Ni ushamba wangu labda.

Kuchelewa kwa sauti kusikutishe. Bluetooth huchelewesha kidogo, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mcheza gemu ataona risasi inatoka kabla ya mlio. Kwa muziki hakuna anayejua, kwa sababu wimbo wote umechelewa pamoja.

Kelele za njiani, na neno ANC kwenye boksi

Hapa ningependa mdogo wangu asome mara mbili.

Teknolojia ya kuua kelele, ANC, inafanya kazi hivi: maikrofoni ndogo inasikia mngurumo wa nje, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanafutana sikioni. Amar Bose alianza kulichora wazo lake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani, amekerwa na injini zinazomharibia muziki. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, sisi abiria tukafikiwa baadaye. Na asili hiyo ya ndege ndiyo inayoeleza ubora na udhaifu wake. Inaua vizuri mngurumo mzito usiobadilika: injini ya basi la mkoani, jenereta la jirani, feni, treni ya SGR ikiwa imeshika kasi kuelekea Dodoma. Haiwezi konda. Sauti ya mtu, honi, mtoto analia, vinakuja ghafla na vinabadilika, vinapenya. Ukitaka kumnyamazisha konda unahitaji mpira ulioziba sikio au mito minene ya hedifoni kubwa, na hata hivyo atakusikilisha tu, ndiyo kazi yake.

Sasa mtego. Kwenye boksi nyingi za bei ndogo utaona ENC, na muuzaji atakwambia "ni ileile tu". Siyo ileile. ENC ni ya maikrofoni: inasafisha sauti yako ili unayempigia asisikie barabara. Wewe masikioni haikupi ukimya wowote. Nimeshuhudia mtu akilipia nyongeza kwa ajili ya herufi hiyo moja.

Kwa za waya na za shingoni za kawaida hakuna ANC, unategemea mpira tu, na mpira ukikukaa vizuri unatosha kwa safari za mjini. Kinachotokea kwa asiyezibwa ni kwamba anapandisha sauti hadi ishinde injini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Saa 4 ni safari za siku mbili kwa anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi penye foleni. Sikio lililozibwa vizuri linakuruhusu kusikiliza kwa nusu ya sauti uliyozoea, na huhitaji hata shilingi ya ziada.

Unachonunua ni betri

Muuzaji hatakwambia hili kwa kuwa halimsaidii. Kifaa cha Bluetooth ni betri iliyofungiwa ndani, na betri za lithiamu za aina hii huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Za kwenye vidonge karibu zote hazibadilishwi. Fundi akifungua ameshaharibu.

Tufanye hesabu ya dukani. Eapodi zinazodumu saa 5 kwa chaji, kama AirPods za kwanza zilivyokuwa, na wewe unasikiliza saa 5 kwa siku: chaji moja kila siku. Chaji 500 ni chini ya mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo saa 5 zinakuwa 4, kisha 3, na kidonge kimoja, mara nyingi kile unachopigia simu nacho peke yake, kinakufa mapema kuliko mwenzake. Za shingoni zina nafasi ya betri kubwa kidogo. Za saa 15 utazichaji kila baada ya siku tatu, na chaji zilezile 500 zinakupeleka miaka minne. Hedifoni kubwa ni nyingine kabisa. Sony WH-1000XM5 inadumu saa 30 ANC ikiwa imewashwa, JBL Tune 510BT saa 40, na Sony WH-CH520, yenye uzito wa gramu 147 tu, saa 50. Kwa saa 5 kwa siku, ya saa 30 utaichaji kila siku ya sita, na chaji 500 ni miaka minane. Mito itachanika kabla ya betri kuchoka, na mito inauzwa.

Hizo ni hesabu za karatasi. Joto linazifupisha. Kuacha kijisanduku juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam ni kukipika. Lakini uwiano wake haubadiliki: kadiri betri ilivyo ndogo ndivyo unavyoichosha upesi, na vidonge ndivyo vyenye betri ndogo kuliko zote.

Za waya hazina betri. Umeme ukikatika siku nzima, zenyewe hazina habari.

Kudondoka

Kidonge changu cha kulia kiko chini ya bahari, upande wa Kigamboni. Nilikuwa nashuka kwenye pantoni, nikavua barakoa, kamba ikakikwangua sikioni, kikadunda mara moja kwenye chuma na kikaingia kwenye upenyo kati ya mlango na gati. Plup. Hata mlio wake niliusikia kwa sikio la kulia lililokuwa limebaki tupu. Cha kushoto kiliendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kampuni chache huuza kidonge kimoja kimoja, na hata hapo bei inauma. Kwa zilizo nyingi, ukipoteza kimoja umepoteza nusu ya muziki. Na vidonge vya kushoto vya wapangaji wa mtaa wetu ukivikusanya vingejaza bakuli, maana kila mtu amebaki na kimoja chake "nitatafuta mwenzake".

Za shingoni hazina kisa hiki. Ukivua, vichwa vinang'atana kwa sumaku kifuani, kama mkufu. Ukiteleza, ukicheka, ukivua kofia ya boda, vinadondoka sentimita ishirini na kubaki hapo. Wanaozicheka kwamba zimepitwa na wakati wanacheka huku wameshika sikio. Hedifoni kubwa haipotei ila inaibwa, na kuivaa usiku ukisubiri gari Tandika ni kutangaza mali.

Jua pia kwamba mawimbi ya Bluetooth hayapendi maji, na mwili wako ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma upande wa kushoto na kidonge kinachopokea kikiwa cha kulia, muziki unakatikakatika hasa penye watu wengi wenye vifaa vyao, kama stendi ya Gerezani jioni. Watu hurudisha dukani kitu kizima kwa sababu hiyo. Hamisha simu mfuko wa mbele kwanza.

Jasho, mvua, na boda

Kwa mazoezi tafuta alama ya IPX4 kwenda juu. IPX4 inavumilia kumwagikiwa na jasho. IPX7 imepimwa kuzama mita moja kwa nusu saa, tena kwenye maji baridi ya kawaida. Maji ya chumvi ya Coco Beach hayamo kwenye kipimo hicho. Kijisanduku cha eapodi mara nyingi hakina kinga hata kidonge kikiwa nayo, kwa hiyo futa jasho kabla ya kukirudisha ndani, usije ukakichaji kikiwa kimelowa. Hedifoni kubwa kwa kukimbia sizipendekezi. Masikio yanachemka, na mito inakunywa jasho hadi inanuka. Kwa joto la Pwani hata kukaa nazo kituoni saa sita mchana ni adhabu. Iringa au Arusha mwezi Julai ni raha tupu, zinakupa na joto la bure.

Kwenye bodaboda na ukivuka barabara, nina msimamo: sikio moja liwe wazi, uwe abiria au dereva. Eapodi zinaruhusu kuvaa kimoja na kuacha kingine kijisandukuni kikichaji, na hapo zinashinda aina zote. Zenye ANC nyingi zina hali ya kuruhusu sauti za nje zipenye, nzuri kwa kutembea, ila kasi ya boda ikileta upepo kwenye maikrofoni utasikia kimbunga. Wapo pia wanaovaa zile za kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, zinazoliacha tundu la sikio wazi kabisa. Kwa mkimbiaji wa barabarani ni kitu kizuri mno. Kwa mpenda besi ni huzuni.

Ambapo waya bado ni mfalme

Redio. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Chomoa waya, redio inakwambia chomeka hedifoni. Mechi ya Simba na Yanga ukiwa huna bando, au umekwama mahali intaneti inapanda na kushuka, eapodi za laki mbili hazikusaidii chochote na waya wa machinga unakupa kila goli.

Na lile la wawili. Kugawana waya, kushoto kwako kulia kwake, vichwa vimesogeleana kwa lazima kwa sababu waya ni mfupi, kuna ndoa zilianzia hapo. Vidonge vinagawanika pia, tena hadi mita kadhaa. Ila ufupi ule wa waya ndio uliokuwa unaleta maneno.

Kabla hujalipa

Feki za siku hizi zimevuka mpaka. Kuna zinazotoa hadi kile kipicha kinachojitokeza kwenye iPhone ukifungua kijisanduku, kwa hiyo kipicha si ushahidi. Niliwahi kuuziwa za jina kubwa na duka moja ambalo kesho yake lilikuwa linauza viatu. Tangu hapo nafuata utaratibu wangu, na mwenye duka akikasirika naenda la pili.

Naziunganisha na simu yangu, si ya muuzaji, kwa sababu yake imeshawekwa wimbo unaozifanya zing'ae. Nacheza wimbo ninaoujua kila pumzi yake. Nasikiliza sikio moja moja, kisha yote, kama yanalingana. Naiweka simu mfuko wa nyuma na kutembea hadi nje ya duka. Nampigia mtu aliyeko nyumbani na kumuuliza ananisikiaje nikiwa katikati ya kelele za Kariakoo. Kama zimeandikwa ANC, nasimama karibu na jenereta la mtu na kuiwasha na kuizima. Nisiposikia tofauti ya mngurumo, hakuna ANC. Naangalia tundu la chaja liwe USB-C, maana waya wa zamani ukipotea utaupata kwa kuhangaika. Na naomba kufuta mipira na spiriti kabla ya kuvaa, kwa sababu wateja ishirini wamenitangulia. Za oraimo, ambazo ukoo wake ni mmoja na Tecno, Infinix na itel, zina maduka yenye waranti miji mingi, na waranti inayopatikana kwa daladala moja ina thamani kuliko jina la mbali.

Sasa nikimjibu mdogo wangu

Anayekaa ofisini au maktaba, anayesafiri basi la Mwanza kuanzia alfajiri hadi usiku, au anayepanda SGR kila mwisho wa mwezi, achukue hedifoni kubwa. Kama mfuko unaruhusu, yenye ANC. Kama hauruhusu, nyepesi ya kukalia sikio yenye betri ndefu, na asahau habari ya chaja wiki nzima.

Anayefanya mazoezi, anayepokea simu nyingi, mwenye kuvaa hijabu anayetaka kitu kisicholeta uvimbe wala waya chini ya kitambaa, eapodi zinamfaa kuliko chochote, ajue tu kwamba ananunua kitu cha mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na bei aigawe kwa miezi hiyo. Kwa hesabu hiyo eapodi za bei ya kati zilizo orijino mara nyingi ni rahisi kuliko feki tatu mfululizo.

Mwanafunzi mwenye simu yenye tundu na pesa ya kuungaunga, za waya. Anunue zenye pini iliyopinda kama herufi L, inavumilia mfuko kuliko iliyonyooka.

Na anayeamka saa kumi na moja, anasimama kwenye mwendokasi kwenda na kurudi, anasinzia dirishani, anaazima vitu na kusahau alipoviweka, yaani mdogo wangu kabisa kabisa, za shingoni. Alinuna. Alisema atafanana na walinzi wa ikulu. Lakini alinunua, nyeusi kwa sababu bluu ilikuwa imeisha, na juzi nimemkuta amelala kwenye kochi muziki ukiendelea, vichwa vyote viwili vimemdondokea kifuani.

Zangu za waya ziko kwenye mfuko mdogo wa begi, nimezizungushia kalamu zisifungane. Jumamosi kuna mechi.